Proforma 23, majibu matatu: nifuatilieje bila kuwa kero?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27, nipo Arusha, nauza hita za maji za sola kwenye loji na hoteli ndogo za Karatu, Mto wa Mbu na Moshi. Kazi hii nina miezi minane. Tangu mwishoni mwa Mei nimetembelea sehemu nyingi na kutuma proforma 23, yaani ankara za bei kabla ya mteja kununua, kwa barua pepe. Mpaka leo, Agosti, waliojibu ni watatu, na mmoja wao ameandika tu 'mnatusumbua sana'. Bosi wangu anasema mteja anafuatiliwa mpaka achoke, kwa hiyo kila baada ya siku mbili natuma hii: 'Habari. Natumaini u mzima. Nakukumbusha kuhusu proforma niliyokutumia. Samahani kwa usumbufu. Naomba mrejesho wako mapema ili tuendelee na hatua inayofuata. Asante.' Nimeweka programu inayonionyesha barua ikifunguliwa, na kuna meneja mmoja ameifungua mara saba bila kujibu hata neno. Nifuatilie mara ngapi? Niandike nini? Na nitajuaje kwamba hapa nimeshakataliwa, niache?"

Marahaba, mdogo wangu. Kabla sijafika kwenye idadi ya barua na hesabu ya siku, niseme ninachokiona. Una hofu mbili zinazovutana. Moja inakwambia ukinyamaza utasahauliwa, nyingine inakwambia ukiandika utachukiwa. Ndiyo maana barua yako inagonga mlango, inaomba radhi kwa kugonga, kisha inaondoka bila kuacha kitu. Hofu zote mbili zimetoka kwenye wazo ambalo bosi wako naye analo: kwamba kazi ya barua ya pili ni kumkumbusha mteja. Lakini meneja wa loji Karatu hajasahau hita zako. Kila asubuhi kuna mgeni anayepiga simu mapokezi kulalamika kwamba maji ni ya baridi. Anazikumbuka vizuri sana. Kilichomkwamisha ni kingine.

Nikusimulie nilivyolijua hili. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nauza mashine za fotokopi Dar es Salaam, enzi za faksi na kutembea kwa miguu. Kuna ofisi moja nilipeleka proforma nikaifuatilia miezi mitatu. Kila Jumatatu simu, kila Alhamisi napita. Bosi ananichekea: "Ipo mezani, tunaifanyia kazi." Siku moja katibu muhtasi wake akanihurumia. Akafungua faili akanionyesha jedwali alilopiga chapa, kampuni tatu zimepangwa bega kwa bega, chini yake bei, muda wa kuleta, dhamana, matengenezo na masharti ya malipo. Kwenye safu yangu nafasi mbili zilikuwa tupu. Akaniambia, "Kaka, bosi akiniuliza dhamana yako ni ya muda gani, namjibu nini? Na yeye hawezi kukupigia kukuuliza, ataonekana ameshakuchagua." Mashine walinunua kwingine. Miezi mitatu nimewakumbusha watu ambao hawakusahau chochote, nao walichokosa ni mistari miwili tu kutoka kwangu.

Tangu hapo nimekuwa na kanuni moja, nayo ndiyo jibu langu kwako: barua ya kufuatilia inaandikwa kwa ajili ya mtu wa pili, yule ambaye hujawahi kumwona. Uliongea na meneja, ukamtumia meneja, na unamfuatilia meneja. Lakini meneja wa loji ya vyumba kumi na viwili hatoi mamilioni mfukoni mwake. Anaipeleka proforma kwa mmiliki, ambaye pengine yuko Arusha mjini, Dar au Ulaya. Mmiliki anamuuliza mhasibu. Mhasibu anataka kwotesheni tatu ili alinganishe. Halafu anaitwa fundi wa siku zote wa loji, yule aliyefunga hita za umeme zilizopo, naye ana maoni yake kuhusu kila kitu ambacho hakukifunga yeye. Katika watu hao wanne, aliyekusikia ukieleza kwa mdomo ni mmoja, na yeye si muuzaji wa hita. Akiulizwa swali asilolijua, njia rahisi ni kulinyamazia. Nawe huku unakisoma kimya hicho kama dharau.

Sasa tuirudie barua yako. Unasema "naomba mrejesho". Je, umefikiria huo mrejesho utamgharimu nini? Lazima aitafute proforma, aifungue kwenye simu, ampigie mmiliki, apate jibu, ndipo atafute maneno ya kukuandikia. Yote hayo akiwa amesimama mapokezi na gari la wageni limepaki nje. Anasema nitamjibu jioni. Jioni inapita. Siku mbili baadaye unamkumbusha, na sasa juu ya kazi ile imeongezeka aibu ya kuchelewa. Unamkumbusha tena, aibu inakua, na kujibu kunakuwa kugumu zaidi kuliko mwanzo. Watu wetu wengi hawanyamazi kwa ujeuri. Wananyamaza kwa sababu wamechelewa mno na hawajui waanzie wapi. Kila "nakukumbusha" yako inamwongezea deni.

Barua inayopata jibu hufanya kinyume: inampunguzia kazi. Tuchukue loji ya Karatu yenye vyumba 12, ambayo ulipoitembelea tarehe 3 meneja alikuambia "mzee atataka kujua umeme utapungua kiasi gani", mzee akiwa mmiliki. Ningeandika hivi, na kichwa cha barua kingekuwa "Hita za vyumba 12: hesabu ya umeme aliyoitaka mzee":

"Meneja, habari za Karatu. Siku nilipokuja ulisema mzee atauliza kwanza umeme utapungua kiasi gani. Nimepiga hesabu ya matangi manne ya lita 300. Kupasha tangi moja kutoka nyuzi 18 hadi 55 kunakula uniti 13 hivi, kwa hiyo siku ambayo matangi yote manne yanatumika ni uniti 52. Kwa shilingi 356 kwa uniti ni kama 18,500 kwa siku. Siku za jua, sola inabeba sehemu kubwa ya hizo. Juni hadi Agosti, mawingu yakikaa mpaka mchana, umeme utasaidia. Dhamana, muda wa kufunga na masharti ya malipo yako kwenye jedwali hapa chini, unaweza kumtumia mzee kama lilivyo. Nina swali moja tu: mngependa tufunge Novemba kabla ya wageni wa Krismasi, au Aprili wageni wakiwa wachache?"

Angalia mambo machache humo. Neno "kukumbusha" halimo, wala "samahani kwa usumbufu". Ukiomba radhi kwa usumbufu umeshatangaza kwamba unasumbua, na msomaji anakuamini. Hesabu imejibu swali walilouliza wao, si lile ulilotamani waulize. Jedwali limekaa ndani ya barua yenyewe, kwa hiyo meneja anaisukuma kwa mzee kwa kidole kimoja, na mzee akiisoma anaelewa bila kuhitaji mkalimani. Na mwishoni kuna swali moja linalojibika kwa neno moja: "Novemba" au "Aprili", au "bado". Barua yenye maswali matatu hujibiwa lile jepesi au halijibiwi kabisa.

Hesabu yenyewe usiinakili kwa loji nyingine. Njia ni rahisi: lita zidisha kwa nyuzi zinazopanda, gawanya kwa 860, unapata uniti, bila kuhesabu joto linalopotea njiani kwenye mabomba. Maji ya Karatu si ya Moshi, na yale ya bombani asubuhi si ya tangi lililoshinda juani, basi siku ya kutembelea beba kipimajoto chako, ni kitu cha bei ndogo. Hiyo 356 ni ya mteja wa kawaida wa LUKU pamoja na kodi na tozo. Loji kubwa zinaweza kuwa kwenye kundi jingine la bei. Omba kuona risiti yao ya LUKU. Mtu akishakuonyesha risiti yake ya umeme, mmeanza kufanya kazi pamoja, hata kama hajasema atanunua.

Na ule mstari wa mawingu usiuondoe ili bei ionekane tamu. Mtu wa Karatu anaijua Julai yake kuliko wewe. Ukimwambia sola itabeba kila kitu mwaka mzima, atakudharau kimyakimya, na hapo tena utakuwa umekiita kimya wewe mwenyewe.

Kuhusu lugha, najua watu wengi wa mauzo hapa nchini wakikaa mbele ya kompyuta hujikuta wanaandika Kiingereza cha barua za serikali. Kama mlizungumza Kiswahili uwanjani, mwandikie Kiswahili. Lakini mmiliki akiwa Mholanzi au Mjerumani, jedwali liwe la Kiingereza, kwa sababu ndilo litakalosafiri. Na bei iwe ya shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimezuia kutangaza na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, na mhasibu makini ataiweka pembeni proforma ya dola bila kukwambia kwa nini. Sema wazi pia kama bei ina VAT au haina. Nimeona kazi zikifa kwa mstari huo mmoja, kila mmoja akidhani mwenzake anajua.

Sasa hiyo programu yako inayokuonyesha barua ikifunguliwa. Inafanya kazi kwa kuficha kijipicha kisichoonekana ndani ya barua. Picha ikipakuliwa, programu inahesabu "imefunguliwa". Shida ni kwamba picha haipakuliwi na binadamu pekee. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple, mwenye simu akiwa amewasha ulinzi wake wa faragha, huzipakua picha zote yenyewe hata kama barua haijaguswa. Mitambo ya ulinzi ya baadhi ya makampuni nayo huzifungua barua kuzikagua. Kwa upande mwingine, mtu aliyezima picha ili kubana bando anaweza kuisoma barua yako neno kwa neno, nawe ukaonyeshwa sifuri. Kwa hiyo mara saba za meneja wako zinaweza kuwa mzee, mhasibu na fundi wakiisoma kwa zamu, au zinaweza kuwa mtambo. Hujui, na hutajua kwa njia hiyo. Ningeizima. Inakupa joto la bure moyoni, na siku moja itakuponza uandike "nimeona umefungua barua yangu". Hakuna anayependa kuambiwa kwamba alikuwa anachunguliwa dirishani.

Umeuliza mara ngapi. Hakuna idadi iliyoandikwa popote, na anayekutajia namba moja kwa biashara zote anakudanganya. Kwa kitu cha mamilioni kinachopandishwa juu ya paa, mimi hufanya hivi: kesho yake baada ya kutembelea naandika barua fupi ya shukrani yenye yale tuliyokubaliana na jambo nililoahidi kulitafuta. Baada ya wiki moja hivi naleta hilo jambo. Wiki mbili au tatu baadaye, nikiwa na kitu kipya cha kweli, naandika tena. Karibu mwezi mmoja na nusu tangu mwanzo naandika ya kufunga, ambayo nitaieleza. Sharti langu ni moja: kama sina kitu kipya cha kumpa, siandiki. Kitu kipya kinaweza kuwa picha ya kazi mliyomaliza loji ya jirani kwa ruhusa ya mwenye loji, jibu la swali la fundi wao, au njia ya kulipa kwa awamu ambayo bosi wako ameikubali. "Bei inapanda kesho" ni kitu kipya pale tu bei inapopanda kesho kweli. Ukidanganya mara moja Karatu, mji ule ni mdogo, mameneja wanakunywa chai pamoja.

Zaidi ya idadi, tazama kalenda yao. Umeanza kutuma mwishoni mwa Mei. Kwa loji za ukanda wa kaskazini, Juni mpaka Oktoba ni wageni juu ya wageni. Hakuna meneja atakayekubali mafundi wapande paani na kufunga maji siku mbili wakati nyumba imejaa. Umefika kuuza mbegu watu wakiwa shambani wanavuna. Sehemu ya kimya chako haina uhusiano wowote na wewe: ni Agosti. Huu ndio wakati wa kuomba risiti za LUKU, kupima maji na kuweka ahadi ya tarehe, na Novemba ndio wakati wa kudai uamuzi, na wa kufunga kwa aliye tayari. Kwa waliobaki, masika, Machi mpaka Mei, ndio wakati wa kufunga, ingawa pesa huwa imepungua, na hapo ndipo malipo ya awamu yanaposaidia. Hosteli za vyuo na taasisi za serikali ni jambo jingine. Mwaka wao wa fedha huanza Julai mosi, na manunuzi yao hupita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Huko barua pepe tamu haikupeleki popote kama kampuni yenu haijasajiliwa humo. Usiipoteze nguvu.

Nije kwenye lile lililokuuma: utajuaje umekataliwa. Kwetu mtu hasemi "hapana" kwa mgeni aliyekuja kistaarabu. Anasema "tutakutafuta", au "ngoja niongee na bosi", au "tuachie namba". Ukikulia hapa unayajua maneno hayo, ila tukishavaa kitambulisho cha kampuni tunajisahaulisha. Nimejifunza kuyatofautisha kwa kitu kimoja. Mtu mwenye nia huacha ncha unayoweza kuishika: tarehe, jina la mtu, swali, au pingamizi. "Mzee anarudi tarehe 20" ni ncha. "Bei yenu imezidi ya fulani" ni ncha nzuri sana, hata kama inauma. "Tutawasiliana" haina ncha. Ukipata "tutawasiliana" mara mbili mfululizo, chukulia ni hapana ya adabu, umshukuru moyoni na uendelee na mwingine.

Kwa wale walionyamaza kabisa, usibaki unakisia. Wafungulie mlango wa kukukataa bila aibu. Hii ndiyo barua ya kufunga: "Meneja, sitaki kukujazia barua. Ukipata nafasi nijibu kwa namba tu: 1, bado tunazungumza. 2, tumechukua kwingine. 3, si mwaka huu. Jibu lolote kati ya hayo litanisaidia kupanga kazi." Basi, usiongeze kitu. Nimeona watu walionyamaza miezi miwili wakijibu barua ya namna hii ndani ya saa moja, kwa sababu imewafutia lile deni la aibu. Wengi watajibu 2 au 3, na hilo ni faida: namba 3 unamwekea alama kwenye daftari lako, unamrudia msimu mwingine ukiwa mtu aliyeheshimu jibu lake. Akikuomba umwondoe kwenye orodha, mwondoe siku hiyohiyo. Ni adabu, na tangu 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, kwa hiyo namba na anwani za watu si mali yako ya kuchezea.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, lakini 20 kati ya 23 ni wengi mno kiasi kwamba lazima nilitaje: huenda baadhi hawajaziona barua zako. Kama ulituma zote kwa mkupuo, zenye maneno yaleyale, kutoka kwenye anwani ya kampuni ambayo haijawekwa sawa, zinaweza kuwa zimelala kwenye barua taka. Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti: barua inayoingia kwao lazima ithibitishe kwamba kweli imetoka kwa mwenye jina lile, kwa rekodi zinazoitwa SPF au DKIM. Jipime leo: jitumie barua kutoka kwenye anwani ya kazi kwenda kwenye Gmail yako na ya rafiki, uone inaangukia wapi. Ikienda kwenye taka, usihangaike kubadilisha maneno. Mtafute mtu wa TEHAMA anayesimamia tovuti yenu, kaa naye ana kwa ana akuwekee hizo rekodi, kwa anayejua ni kazi fupi. Punguza pia kiambatisho. Katalogi ya megabaiti 18 huvimba kwa theluthi moja ikiwa njiani na kuukaribia ukomo wa 25 wa Gmail, na hata ikifika, meneja mwenye bando la siku hataifungua. Proforma ya kurasa mbili inatosha. Picha atakuomba akizihitaji.

Na WhatsApp je? Najua unajiuliza, kwa sababu mameneja wanaishi humo. Itumie kama mjumbe, isiwe ofisi. "Meneja, hesabu ya mzee nimeiweka kwenye barua pepe" inatosha, mchana wa siku ya kazi. Hesabu, bei na masharti yabaki kwenye barua, kwa sababu WhatsApp ya meneja haifiki kwa mhasibu, na simu ikiibiwa mazungumzo yanaondoka nayo. Usimwingize mtu kwenye kundi la matangazo bila kumuuliza. Simu ya sauti ina faida yake: dakika mbili za simu zinakuonyesha kusita ambako barua haiwezi kukuonyesha. Ila anayepigiwa bila taarifa hujitetea, na akijitetea atakwambia "tutakutafuta".

Kuna wakati maandishi yote hayo hayatoshi, nawe inabidi upande gari. Nenda mwenyewe kama meneja amebadilika, kwa sababu yule mpya hana deni lolote na wewe. Nenda kama swali lilelile limerudi mara mbili kwa maneno tofauti. Maana yake kuna mtu ndani hajaridhika na huenda ni yule fundi. Nenda hasa kwa ajili ya fundi huyo, panda naye paani, muulize angefunga vipi yeye. Arusha mpaka Karatu ni kilomita kama 140, kwa hiyo usiende kwa loji moja. Kusanya tatu au nne kwa siku moja, na waandikie kabla: "Alhamisi nitakuwa Karatu kwa kazi nyingine, nipite saa nane kupima maji?" Hiyo nayo ni barua ya kufuatilia, na katika miaka yangu ndiyo iliyonipa majibu mengi kuliko zote.

Bosi wako usibishane naye kwa maneno. Gawa hizo 23: kumi endelea kama anavyotaka, lakini kila wiki badala ya kila siku mbili, kwa sababu siku mbili siwezi kukushauri hata kwa majaribio. Kumi nyingine andika kwa njia niliyokueleza. Baada ya mwezi mmoja na nusu mwekee daftari mezani. Idadi ni ndogo, haithibitishi chochote cha kisayansi, ila mabosi wa mauzo huamini daftari kuliko nasaha. Kama bado atakulazimisha, na mshahara wako unategemea idadi ya barua ulizotuma na si kazi zilizopatikana, hilo ni suala la mkataba wako wa kazi. Zungumza naye ana kwa ana, si kwa barua.

Watatu waliobaki ni wale waliokujibu. Wawili wape wiki hii muda kuliko wengine wote, maana watu tunapenda kumkimbilia aliyenyamaza na kumwacha aliyetusikiliza akisubiri. Yule aliyesema mnasumbua usimpuuze wala usijieleze sana. Mwandikie mara moja: "Meneja, uko sahihi, nimekuandikia kupita kiasi. Samahani. Sitakuandikia tena mpaka unitafute." Usiambatishe proforma chini yake, na usiweke hata kiungo cha tovuti. Halafu, mdogo wangu, kweli usimwandikie tena.